Jina la tatu la mtoto linatoka wapi?

Mzazi anapofika kliniki au ofisi ya kata kuandikisha mtoto, jina la kwanza huwa tayari. La pili ni la baba. La tatu ndilo huzua ubishi: liwe la babu au la ukoo?

Uingereza familia nyingi zilimaliza ubishi huo karne nyingi zilizopita kwa kujiita kwa jina la kijiji. Washington ni mahali kaskazini mwa nchi hiyo. Bwana mmoja alihamia huko karne ya 12, akaitwa kwa jina la makazi yake mapya, na kizazi chake kikavuka nalo bahari hadi kwa George Washington.

Mbeya na Iringa ni tofauti. Huku jina la ukoo mara nyingi humtaja mtu. Kwa Wanyakyusa, "Mwa-" ni kama kusema mwana wa: Mwakyusa ni wa Kyusa, babu ambaye kabila zima linabeba jina lake. Wahehe nao wana Mwamuyinga, ukoo wa watawala wao.

Hata hivyo majina hubadilika njiani. Mtawala ambaye jeshi lake liliwashinda Wajerumani pale Lugalo, Agosti 17, 1891, aliitwa Mkwavinyika, yaani mtwaaji wa nchi nyingi. Likafupishwa, akawa Mkwawa; nchi zenyewe zikaachwa nje ya jina! Mjukuu wake, Adam Sapi, aliyekuwa Spika wa Bunge, alijulikana kwa Mkwawa, si Mwamuyinga. Sifa ya mtu mmoja ikawa jina la familia.

Siku hizi mabadiliko hayo hutokea dirishani. Mwaka 2013 Mbeya ilitangulia katika mpango wa RITA wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo, na Iringa ikafuata. Karani asiyejua Kinyakyusa huandika anachosikia, na "kya" hugeuka "kia". Kaka akiandikwa jina la ukoo na mdogo wake la babu, tofauti hiyo itawafuata kwenye vyeti vya shule, kitambulisho cha taifa na mirathi, na kila mara wataombwa hati ya kiapo kuthibitisha kuwa ni ndugu.

Basi jina liandikwe kwenye karatasi nyumbani, herufi kwa herufi, baada ya kuwauliza wazee. Katika koo nyingi anayejua vizuri ni shangazi.