Kitanda cha mtoto mchanga: pima mianya mbele ya kulipa

Kwenye atelye nyingi za mbao za Goma, Bukavu na Butembo, kitanda cha mtoto hupangwa mbele kabisa, karibu na barabara, kimepakwa verni na kinang'aa. Mama anayekaribia kujifungua anakipenda, baba anabishana bei, kisha kinapandishwa juu ya chukudu na kupelekwa nyumbani. Ni mara chache mtu anatoa metri na kupima. Shida inaanzia hapo, juu kitanda kizuri kwa macho kinaweza kuwa mtego kwa mtoto wa miezi minne.

Kitu cha kwanza cha kuangalia ni mwanya kati ya fito za pembeni: usizidi sentimita 6. Mtoto akijisukuma usiku, miguu na kiuno vinapita kwanza kwenye mwanya mkubwa, kisha kichwa kinakataa. Anabaki ameshikwa kwa shingo, na hana nguvu ya kujirudisha wala ya kulia kwa sauti. Kwa asiye na metri, kopo la soda la kawaida lina upana wa sentimita 6 na nusu hivi: likipita kati ya fito, kitanda hicho hakifai. Mwenye kuagiza kitanda kipya amwambie fundi kipimo hicho mapema, mbao zikiwa hazijakatwa. Fundi mzuri hatakasirika.

Baada ya hapo kishikwe na kutikiswa kwa nguvu, bila haya. Kitanda cha mbao mbichi kinaonekana imara siku ya kununua, lakini mbao ikikauka inajikunja na misumari inalegea. Mkono upitishwe kila pahali kutafuta vichwa vya misumari na vibanzi. Nguzo za pembe zisichomoze juu, hata kama fundi amezichonga vizuri kama taji, kwa sababu nguo ya mtoto inanasa pale na kumkaba. Ukuta wa kitanda, kutoka juu ya matela mpaka juu, uwe angalau sentimita 50 mtoto anapoanza kusimama.

Vitanda vya okazyo vinavyotoka ngʼambo vina jambo lao. Kuna aina ambayo upande mmoja unateremka na kupanda ili mama asiiname sana. Marekani ilikataza kutengeneza na kuuza aina hiyo tangu mwaka 2011, baada ya watoto kufa kwa kubanwa pale upande uliolegea unapoachana na matela. Mtu akikuta kitanda cha namna hiyo sokoni, bei ikiwa rahisi namna gani, akiache. Vilevile kitanda kinachokosa skrubu na kufungwa kwa kamba au waya.

Kisha matela. Hapa wazazi wengi wanakosea kwa upendo: wanatafuta iliyo laini sana. Mtoto mchanga anahitaji matela ngumu na ya kulala sawasawa, isiyoinuka upande wa kichwa. Eponji inayokatwa sokoni ijaribiwe kwa kiganja: ikibonyezwa irudi palepale, isiache shimo. Iingie kwenye kitanda kwa kubana. Vidole viwili vikipita kati ya matela na mbao, ni ndogo mno, na mtoto anaweza kuteleza uso ndani ya ufa huo. Ile plastiki ya dukani itolewe yote. Wengine wanaiacha ili mkojo usiingie, lakini ikichanika inaweza kumfunika pua.

Ndani ya kitanda hicho hakuna kingine cha kuweka: hakuna muto, hakuna mwanasesere, hakuna kile kitambaa chenye pamba kinachozungushwa pembeni kwa urembo. Baridi ya Lubero au ya Masisi si ya kuchezea, hiyo inaeleweka. Mtoto avalishwe nguo za kutosha, na kama kuna blanketi, iwe nyepesi, ifike kifuani tu na ichomekwe chini ya matela pande zote. Alazwe miguu yake ikigusa mwisho wa kitanda, ili asiteleze chini na blanketi kumpita kichwani. Kujua kama anasikia baridi, gusa shingo au kifua. Mikono ya mtoto mchanga huwa baridi hata akiwa na joto la kutosha.

Ubishi mkubwa nyumbani hauko kwenye mbao. Uko kwenye namna ya kumlaza. Mama mkwe anafika kusaidia, anamkuta mtoto chali, anamgeuza. «Ukimulalisha mugongo, maziwa itamuniga.» Hofu hiyo si ya ujinga. Hata madaktari wa Ulaya na Marekani kwa miaka mingi walikuwa wanashauri watoto walale kifudifudi, kwa sababu hiyo hiyo. Walipoanza kulinganisha watoto waliokufa usingizini bila ugonjwa unaojulikana, waliona kulala kwa tumbo kunaongeza hatari. Uingereza na New Zealand ziligeuza ushauri mwaka 1991, Marekani ikafanya kampeni kubwa mwaka 1994, na katika miaka michache vifo hivyo vikapungua kwa karibu nusu au zaidi.

Na maziwa? Mtoto akiwa chali, njia ya hewa iko juu na njia ya chakula iko chini yake. Maziwa yakirudi, yanapaswa kupanda ili yaingie kwenye hewa, na mtoto anayameza au kuyatema. Akilala tumbo, mambo yanageuka: njia ya hewa ndiyo inakuwa chini. Kwa ubavu pia si salama, maana anajigeuza mwenyewe. Kumwelezea mama mkwe hivyo kwa upole, au kwenda naye siku ya CPS ili muuguzi amwelezee, kunasaidia kuliko kubishana naye usiku. Tumbo lina wakati wake pia: mchana, mtoto akiwa macho na mtu akimwangalia, ili shingo ipate nguvu.

Kitanda kikae ndani ya chumba cha wazazi, angalau miezi sita ya kwanza, na mustikere juu yake. Mama aliyefuata CPN kwa kawaida amepewa MILDA. Itundikwe kivulini siku moja mbele ya kutumiwa, kisha ivutwe vizuri na kuchomekwa chini ya matela, isilegee mpaka mtoto aweze kuivuta usoni. Zile mustikere ndogo za mwavuli zinazouzwa sokoni ni nzuri kwa macho, lakini uliza kama zina dawa.

Mbabula ya makala isiingie chumbani usiku, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Moshi wake mbaya hauna rangi wala harufu, na mwili mdogo ndio unaanguka wa kwanza.

Sasa, familia nyingi hazina pesa ya kitanda, na waliokimbia vita wanalala chini ya shitingi. Mtoto wao si lazima awe hatarini zaidi kwa sababu ya kukosa mbao. Finland ilianza mwaka 1938 kuwapa akina mama maskini sanduku la katoni lenye nguo za mtoto na matela ndogo, na watoto wengi walilala ndani ya sanduku hilo hilo. Tangu 1949 kila mama anapewa. Wamaori wa New Zealand wanasuka kikapu kifupi kinachowekwa juu ya kitanda cha wazazi, mtoto akiwa karibu lakini na nafasi yake. Kitunga kipana cha huku kwetu kinaweza kufanya kazi hiyo, kikiwa na chini iliyo sawa, kitenge kilichokunjwa na kubanwa vizuri, na pembeni pasipo vijiti vilivyochomoza.

Mkeka juu ya sakafu pia unafaa, isipokuwa pahali pamoja: kwenye mazuku. Upande wa magharibi wa Goma, kuelekea Sake na Lac Vert, gesi ya volkano inatoka ardhini na ni nzito kuliko hewa, ni kusema inajaa chini, zaidi usiku na alfajiri pasipo upepo. Mtu mzima aliyesimama anaweza asisikie kitu, wakati mtoto aliye chini anakata pumzi. Kwenye kartie zinazojulikana kwa mazuku, mtoto asilazwe kamwe chini wala kwenye shimo au bonde, na mgeni anayetafuta pa kujenga awaulize kwanza wenyeji.

Wanaolala na mtoto kitanda kimoja, na ndio wengi, wamweke upande wa mama, mbali na ukuta. Asiwe katikati ya wazazi wala kati ya kaka na dada zake, na asifunikwe na blanketi ya wakubwa. Mzazi aliyekunywa pombe, anayevuta sigara, au aliyemeza dawa ya usingizi asilale naye. Kulala na mtoto kifuani kwenye kanape ni hatari kuliko kitanda chochote. Na mtoto aliyezaliwa na chini ya kilo 2 na nusu, au mbele ya siku zake, asiwekwe kitandani na wakubwa waliolala. Mama aulize maternite amfundishe namna ya kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, amefungwa wima na pua ikionekana, mchana na usiku.