Ugogo Husomwa Njiani

Huko Ugogo, katikati ya Tanzania, msimu haungoji tarehe. Mwezi wa Oktoba, pembeni mwa njia za vumbi za Chamwino na Bahi, wafugaji hufukua mchanga wa makorongo makavu kutafuta maji ya ng'ombe, na mibuyu huanza kuchipua kabla tone halijaanguka. Baadaye mashamba husafishwa, na wapo wanaoberega: hukwaruza ardhi na kutia mbegu za uwele au mtama bila kulima. Mvua ikishika, kati ya Desemba na Aprili, wanawake huchuma mlenda kandokando ya njia zizo hizo, mwingine wa kupika siku hiyo, mwingine wa kuanika uwe kitoweo cha kiangazi. Mpita njia aliyezoea kutazama haoni mandhari tu. Anasoma nani ameshapanda, malisho yamebaki upande gani, na nyumba ipi imejiwekea akiba.

Wapo watakaosema kwamba desturi hii ya kuusoma msimu njiani imepitwa na wakati, kwa kuwa Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa kila msimu. Utabiri ni muhimu, lakini huzungumzia eneo pana, na mvua ya nchi kame huanguka kwa viraka: kijiji kimoja hulowa, jirani yake akabaki na vumbi. Kiraka hicho huonekana njiani. Wengine watadai kwamba dalili hudanganya, na ni kweli kwamba mbuyu huchipua kwa maji uliyohifadhi shinani, si kwa kuijua kesho. Ndiyo maana mkulima makini hategemei dalili moja. Hulinganisha mti, upepo, mifugo na kazi ya majirani, kisha huamua apande eneo gani kwanza.

Hoja nzito zaidi ni njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920, iliyoua Wagogo wengi mno. Je, macho yao hayakuwaonya? Ukame uliwakuta baada ya majeshi ya Vita Kuu kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi. Hawakukosa kuusoma msimu. Walinyang'anywa kile ambacho usomaji huo ungewawezesha kukitunza. Kwa hiyo afisa ugani anayefika Ugogo na kalenda ya upanzi asiitupe, ila kabla ya kuitangaza aipitie njia kwa miguu pamoja na wenyeji.