Kiranja Mezani kwa Bodi: Nani Huamua Nini Katika Chuo cha Miaka Miwili



Nafundisha katika chuo cha miaka miwili hapa Illinois, na kila mwezi wa Agosti masomo yanapoanza hakosekani kijana wa kwetu atakayeniuliza monita wa darasa ni nani. Si swali la kijinga hata kidogo. Ametoka Tabora au Kakamega, na huko kila darasa lina mtu wake wa kufuata chaki, kuandika majina ya wapiga kelele na kupeleka madaftari ofisini. Juu yake yupo kiranja, juu ya kiranja yupo kaka mkuu au dada mkuu, na juu ya hao wote yupo mwalimu mkuu. Bodi ya shule huisikia tu siku mwenzake anapofukuzwa. Mimi humjibu kwamba monita hayupo. Mwanafunzi wa chuo cha hapa hana darasa moja analokaa nalo mwaka mzima: asubuhi yuko kwenye hisabati na watu thelathini, jioni yuko kwenye uhasibu na thelathini wengine, na katikati yuko kazini ghalani anapakia mizigo. Sasa nani awe monita wa nani?

Kilichopo ni serikali ya wanafunzi, yenye rais wake na wajumbe wake, ambayo hugawa fedha za vyama na kuandaa sherehe. Kwa kweli sina mengi ya kusema juu yake. Kipo kitu kingine muhimu zaidi, ambacho wengi wetu hatukijui na wanaokijua hukidharau: kiti kimoja cha mwanafunzi katika bodi ya chuo. Hicho ndicho ninachotaka kukieleza, maana watoto wetu wengi wanasoma katika vyuo hivi, na ada wanayolipa hupangwa mezani hapo.

Tuanze na bodi yenyewe. Vyuo vya miaka miwili vilizaliwa tumboni mwa shule za sekondari. Cha Joliet, hapa hapa Illinois, kilianza mwaka 1901 na wanafunzi 6 tu, ambao baada ya kumaliza sekondari walibaki pale pale wakafundishwa masomo ya mwanzo ya chuo kikuu. Bodi iliyosimamia mambo hayo ilikuwa ni bodi ya shule: watu wa mtaani, waliochaguliwa na mtaa, wakitumia kodi ya mtaa. Asili hiyo haijafutika. Leo Illinois imegawanywa katika wilaya 39 za vyuo vya jamii, na kwa kawaida kila wilaya ina bodi ya wajumbe 7 wanaopigiwa kura na wakazi, kila mmoja kwa miaka 6, bila mshahara. Yumo muuza bima, mwalimu mstaafu, fundi bomba mwenye kampuni yake. Chicago ni tofauti: huko meya ndiye huteua wajumbe na baraza la jiji huwathibitisha, kwa hiyo mkazi wa Chicago asitafute jina lao kwenye karatasi ya kura.

Watu hao saba ndio humwajiri mkuu wa chuo na ndio humwondoa. Hupitisha bajeti, huamua kiasi cha kodi ya majengo kitakachokwenda chuoni, na hupanga ada ya kila krediti. Usidhani ni hivyo kila jimbo. California, kwa mfano, wana bodi za kuchaguliwa vile vile, lakini ada kwa wakazi hupangwa na bunge la jimbo, nayo imekuwa dola 46 kwa krediti tangu mwaka 2012. Kule ukienda kuilalamikia bodi ya wilaya juu ya ada hiyo umekwenda mlango siwo. Hapa Illinois mlango ni ule ule wa wilaya.

Nao huchaguliwa lini? Mwezi wa Aprili, miaka ya witiri, pamoja na madiwani na bodi za shule za msingi. Karatasi haioneshi chama. Anayetaka kugombea atafute wadhamini 50 (au asilimia 10 ya wapiga kura, ikiwa hiyo ni pungufu), awe raia, ametimiza miaka 18, na amekaa wilayani mwaka mmoja. Hakuna Rais wa nchi kwenye karatasi hiyo, basi watu hawaendi. Sie wenyewe tunaoshinda usiku kucha tukibishana nani kachukua jimbo gani Tanzania au Kenya, wangapi kati yetu tuliochukua uraia wa hapa tunaweza kumtaja mjumbe mmoja wa bodi ya chuo anachosoma mtoto wetu?

Sasa kile kiti cha nane. Tangu miaka ya 1970 sheria ya Illinois inataka bodi iwe na mjumbe mwanafunzi, anayechaguliwa na wanafunzi wenzake kwa mwaka mmoja. Anaweza kutoa hoja, anaweza kuunga mkono hoja ya mwingine, na anaruhusiwa kuingia hata katika vikao vya faragha. Anapiga kura pia, ila ni kura ya ushauri: huandikwa, haihesabiwi. Wanne wakisema ndiyo na watatu wakasema hapana, mwanafunzi hawezi kugeuza kitu.  New York kinyume chake, bodi ya chuo cha jamii ina wajumbe 10 na mwanafunzi ni mmoja wao, kura yake ni kura kama za wengine.

Nimewasikia wenzangu wakisema kura ya ushauri ni danganya toto. Mimi sikubaliani nao, na sababu yangu imetoka nyumbani kuliko hapa.

Kiranja wa kwetu, hebu tumtazame vizuri, hakuwa mwakilishi. Hata pale tulipopiga kura, walimu walikuwa wameshachuja majina kabla na walichuja tena baada. Alipewa mamlaka na mwalimu, akaripoti kwa mwalimu, na fimbo aliyoshika ilikuwa ya mwalimu. Mtu wa namna hiyo akiona chakula cha bweni kina wadudu hujua pa kwenda kumshitaki mwanafunzi aliyelalamika, hajui pa kuupeleka wadudu wenyewe. Matokeo yake tumeyaona. Mwezi Mei 1999, katika shule ya Nyeri High nchini Kenya, viranja wanne walifungiwa chumbani mwao usiku na wanafunzi wenzao, wakamwagiwa petroli na kuchomwa moto. Wote wanne walikufa. Vijana wale walibebeshwa hasira ambayo haikuwa yao. Walisimama kati ya wakubwa na wadogo pasipo kuwa na kiti popote.

Chuo kikuu nako haikuwa rahisi. Mwaka 1971 pale Mlimani, rais wa umoja wa wanafunzi, Symonds Akivaga, Mkenya, aliandika waraka wa wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, akilalamika jinsi chuo kinavyoendeshwa. Jibu lilikuja na askari wenye silaha. Akachukuliwa mchana kweupe na kurudishwa Kenya. Wanafunzi wakagoma, kamati ikaundwa, na katika mageuzi yaliyofuata wanafunzi na wafanyakazi wakapanuliwa nafasi katika vikao vya chuo. Angalieni mpangilio wa mambo: kwanza waraka, halafu bunduki, halafu kiti. Kenya nao iliwachukua hadi Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kuandika waziwazi kwamba mwakilishi wa baraza la wanafunzi aingie katika bodi ya shule kwa wadhifa wake. Kwa hiyo mtu anaponiambia kiti kisicho na kura hakina maana, namwuliza: kwani hao waliokikosa walifanya nini?

Maana yake iko katika neno moja, kumbukumbu. Anayosema mjumbe mwanafunzi husemwa KABLA ya kura, mbele ya watu, na kura yake huingia katika muhtasari ambao mtu yeyote anaweza kuuomba. Niliwahi kumfundisha binti mmoja aliyekuwa mjumbe mwanafunzi katika chuo ambacho sitakitaja. Masomo ya jioni ya uuguzi yalikuwa yakitoka baada ya basi la mwisho kupita. Mwezi wa kwanza aliuliza, akaambiwa suala litaangaliwa. Mwezi wa pili akauliza tena. Mwezi wa tatu, ilipokuja bajeti ya kupanua maegesho ya magari, akatoa kura ya ushauri ya hapana na kueleza sababu yake kwa dakika mbili: mnawajengea wenye magari, wasio na magari wanatembea gizani. Bajeti ilipita saba kwa sifuri. Lakini gazeti la mtaa liliandika ile dakika mbili, na msimu wa uchaguzi ulipofika wagombea waliulizwa juu ya basi. Ratiba ya masomo ikasogezwa nyuma nusu saa. Jambo dogo, bwana, lakini hakufukuzwa mtu wala hakuchomwa mtu.

Udhaifu wa kiti hiki uko kwingine. Mwaka mmoja ni mfupi mno. Mjumbe wa kawaida ana miaka sita ya kujifunza kusoma bajeti. Mwanafunzi anapoanza kuelewa tofauti ya mfuko wa uendeshaji na mfuko wa majengo, muda wake umekwisha. Tena wanafunzi wa vyuo hivi wengi wana kazi na wengine wana watoto, mkutano wa saa kumi na mbili jioni kwao ni zamu iliyopotea. Ndiyo maana mara nyingi kiti hukaliwa na yule mwenye nafasi, siyo yule mwenye shida. Hilo naliona ni kasoro kubwa kuliko kura kutohesabiwa.

Liko jambo la mfukoni pia. Ada ya hapa Illinois ina ngazi tatu: mkazi wa wilaya ya chuo, mkazi wa wilaya nyingine ya Illinois, na mtu wa nje ya jimbo au nje ya nchi. Kila ngazi huzidi iliyo chini yake kwa kiasi cha kuumiza. Familia zetu huhama nyumba kwa kufuata kodi nafuu, huvuka barabara moja tu, na barabara hiyo huwa ndiyo mpaka wa wilaya ya chuo. Bili inayofuata inakuja imevimba. Kabla ya kusaini mkataba wa nyumba, ulizeni ni wilaya gani ya chuo. Na kama fani anayoitaka kijana haipo katika chuo cha wilaya yenu, yapo maombi maalumu ambayo wilaya ya nyumbani hulipa tofauti ya ada kwa kile chuo kingine, ilimradi yapelekwe mapema, si chini ya siku 30 kabla ya muhula. Huidhinishwa na bodi ile ile. Nimeona wazazi wakilipa miaka miwili mizima bila kujua.

Kuhudhuria mkutano hakuhitaji uraia. Sheria ya mikutano ya wazi ya Illinois inataka ajenda ibandikwe angalau saa 48 kabla, na tangu mwaka 2011 inataka mtu yeyote apewe nafasi ya kusema. Kwa kawaida ni dakika tatu, mwanzoni mwa kikao. Unajiandikisha mlangoni au kwa karani wa bodi, na unataja ni kifungu gani cha ajenda unachokizungumzia. Kijana anayetaka kugombea kiti cha mwanafunzi, hasa mwenye viza ya masomo, asome kwanza masharti ya chuo chake kuhusu ukazi na idadi ya krediti, maana hayalingani. Chaguzi zao hufanyika majira ya machipuko na fomu hutolewa wiki chache kabla. Ofisi ya kushughulikia ni ya maisha ya wanafunzi, siyo ya bodi.