Mchoro Usio na Anwani Hupotea

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sipingani nao. Lakini mchoro wa ukutani, hata uwe mzuri namna gani, ukishapakwa rangi juu yake haujiuzi tena. Ndugu msomaji, ndiyo maana nataka kukueleza jinsi mchoraji mdogo kama mimi anavyoweza kujijengea tovuti, na pia kazi yangu imefika wapi mwaka huu.

Mimi huchora wikendi na wakati wa likizo. Kazi yangu ya kwanza ya malipo ilikuwa kichwa cha kijana aliyenyolewa, kwenye ukuta wa kinyozi mmoja pale Kawangware 46. Mwaka jana kampuni moja ilikuja ikapaka mstari mzima wa vibanda rangi yake. Mwenye kibanda alipata rangi ya bure, mimi nikapoteza mchoro. Bahati nzuri nilikuwa nimeupiga picha kwa simu ya mama. Tovuti yangu ilianza na picha hiyo.

Wachoraji wa mabango wametutangulia. Kule Kibera, Otieno Gomba na Otieno Kota waliandika mabango ya vibanda, kisha mwaka 2001 wakaanzisha kundi la Maasai Mbili. Walipata studio, yaani mahali ambapo mgeni anaweza kuja akauliza, "Hii kazi ni ya nani?" Mimi sina studio. Nachorea mezani baada ya sahani kuondolewa. Kwa hivyo tovuti ndiyo studio yangu.

Je, tovuti ni nini? Ni faili za kawaida zilizowekwa kwenye kompyuta isiyozimwa mchana wala usiku, ili mwenye intaneti azifungue. Tovuti ya kwanza duniani ilitengenezwa na Tim Berners-Lee huko CERN, Uswisi, ikafunguliwa kwa watu wote mwaka 1991. Ilikuwa maneno matupu na viungo. Basi usiogope kuanza na kidogo.

Kwanza, lugha. HTML si ngumu kushinda ngeli. Unaandika maneno yako kisha unayawekea alama: h1 ni kichwa, p ni aya, img huita picha. Ndani ya img kuna sehemu iitwayo alt, ambapo unaieleza picha kwa maneno ili asiyeona asomewe na simu yake. Hapo Kiswahili chetu kinafaa sana: "Mama anachoma mahindi, moshi umemfunika uso."

Pili, uzito. Picha ya simu inaweza kufika megabaiti 4. Mtu mwenye bando la shilingi 20 hatakungoja. Mimi hupunguza upana hadi pikseli 1,000, na mara nyingi picha hushuka chini ya kilobaiti 200.

Tatu, jina na tarehe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mchoraji hata kabla hajasajili kazi yake, na ulinzi huo huendelea miaka 50 baada ya kufa kwake. Lakini ukiibiwa utaulizwa ushahidi. Kwa hivyo chini ya kila mchoro naandika jina langu, mahali na siku niliyoumaliza.

Nne, anwani. Majina ya mtandao ya Kenya huishia kwa .ke na husimamiwa na KeNIC. Mtu binafsi anaweza kuchukua linaloishia kwa .me.ke, nalo hulipiwa kila mwaka. Mimi bado natumia anwani ya bure huku nikiweka akiba.

Kufikia sasa nina michoro 9: vibanda 4, matatu 3, na majirani 2 ambao niliwaomba ruhusa kwanza. Likizo ijayo nitachora foleni ya mitungi kwenye kioski cha maji.

Mwezi wa pili mama mmoja wa saluni aliniita nimchoree ukuta. Alikuwa ameona kichwa cha yule kijana kwenye simu, ilhali ukutani hakipo tena. Chema kilijiuza, kwa kuwa kilikuwa na mahali pa kukaa.

Wenzangu mnaochora nyuma ya madaftari, pigeni picha kazi zenu leo, muandike na tarehe. Mwenye swali anitafute Kidato cha Tatu. Akiba haiozi.