Contra na Beshte Yako: Mbona Nyinyi Hudedi Kwa Maporomoko

Wasee wengi hudhani Contra ni gemu ya kupiga risasi. Zii. Ukicheza na beshte, Contra ni gemu ya kungojana, na hapo ndipo watu hukosana.

Rada ni hii. Konami walitoa Contra 1987 kwa zile mashine za kutumbukiza sarafu, halafu 1988 ikaingia kwa konsoli za nyumbani. Wengi wetu tuliijulia kwa zile kopi za Famicom, zenye katriji inajigamba iko na gemu 9999, kumbe ni chache zimerudiwarudiwa. Mmoja ni Bill, mwingine ni Lance. Kila mtu anaanza na maisha 3. Risasi moja ikikugusa umededi, na ile bunduki poa ulikuwa umeokota inaenda na wewe. Levo ni 8 na gemu haisevu. Stima zikipotea mkiwa levo ya 7, mnaanza mwanzo kabisa.

Huku Kithimani beshte yangu hushinda kwa shamba wiki yote, so ni Jumapili tu tunapatana. Ukikosana na mtu juu ya gemu, umejichomea Jumapili. Ndio maana tuko na sheria tatu.

Ya kwanza: levo ya 3 mpande pamoja. Hiyo ndio ya maporomoko ya maji. Skrini ni moja na inapanda na mwenye ako juu. Yule amebaki nyuma akiachwa na skrini, anadedi hata kama hakuna adui amemgusa. Mkali akikimbia, anamuua beshte yake mwenyewe, alafu anashangaa mbona amenuna.

Ya pili: bunduki ya S mpangiane. Hiyo hutoa risasi 5 zikitawanyika, so kila mtu anaitaka. Lakini mwenye anadedi anaipoteza, so aichukue yule anakaa hai zaidi, na kazi yake iwe kumfungulia mwenzake njia. Si ya kujishaua.

Ya tatu: maisha ya kukopa uombe. Yako yakiisha, gemu inakuruhusu kuchukua moja ya mwenzako kwa kubonyeza kitufe tu. Gemu haiulizi mwenyewe. Wewe uliza.

Na kama bado inawalemea, kuna ile kodi. Kazuhisa Hashimoto wa Konami aliitengeneza akishughulikia Gradius ya Famicom, iliyotoka 1986, juu gemu ilikuwa ngumu hadi yeye mwenyewe ilikuwa inamshinda kuijaribu. Kwa Contra, kwa skrini ya mwanzo, bonyeza juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Mkiwa wawili ongeza Select, kisha Start. Kila mtu anapata maisha 30. Hashimoto alifariki 2020, lakini vidole vya watu bado vinaijua hiyo kodi kuliko namba za simu.

Si aibu kuitumia. Kama mtu aliyetengeneza gemu alihitaji msaada, wewe ni nani?

Lakini maisha 30 pia huisha mkikimbiana. So mkifika maporomoko, panda kidogo, simama, angalia chini. Beshte akifika, ndio muendelee.