Mafahali Wawili Ndani ya Kizimba Kimoja

HUENDA nawe yamekufika. Umewanunulia watoto sungura wawili kutoka kwa jirani huko Keroka, ukaambiwa ni dume na jike. Miezi miwili wamelala pamoja na kula majani ya viazi vitamu pamoja. Kisha siku moja watoto wanarudi kutoka shuleni na kukuta manyoya yametapakaa, mmoja amejikunyata pembeni akivuja damu. Nyumba nzima ni kilio.

Wengi hudhani mnyama ameingiwa na wazimu, naye huishia kwenye chungu. Maskini, hana kosa. Amebaleghe tu.

Sungura wa kufugwa si yule wa hadithi za nyanya anayeshinda kwa werevu. Asili yake ni Uhispania na Ureno, ambako wenzake wa mwituni huishi kwa makundi katika mashimo. Huko nako hupigana, lakini anayeshindwa hutoroka. Ndani ya kizimba hana pa kutorokea, na hapo ndipo ugomvi mdogo hugeuka mauti.

Dalili za vita

Kuanzia umri wa miezi 3 hadi 4, tazama kwa makini. Je, wanazungukana na kufukuzana? Mmoja humpanda mwenzake, humrushia mkojo au hung'oa manyoya yake? Usingoje zaidi. Majike pia hupigana, kwa hivyo usijidanganye kwamba ni madume pekee. Na ikiwa kweli ni dume na jike, hatari ni nyingine: mimba huchukua siku zipatazo 31, na jike anaweza kushika mimba nyingine siku ile ile anapozaa.

Ukikuta wanapigana, usiingize mkono mtupu, utaumwa. Tumia ufagio au taulo nene kuwatenganisha. Kisha pekua manyoya, hasa tumboni, masikioni na kwenye korodani. Kidonda kidogo cha meno hujifunika upesi huku usaha ukijikusanya ndani. Kisafishe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa. Iwapo jeraha ni refu, au sungura amekataa kula kwa nusu siku, mwone daktari wa mifugo bila kukawia.

Kila mmoja na chake

Dawa ya kwanza ni kuwatenga, na wakati wake ni kabla ya vita. Najua nafasi ni haba, iwe ni nyumba ya kupanga mjini Kisii au shamba dogo la Nyamira. Vizimba viwili vyaweza kupangwa kimoja juu ya kingine, mradi katikati uweke bati lililoinama ili mkojo usimwagikie wa chini. Ukiviweka sambamba, acha upenyo kati ya nyavu ili wasiumane pua. Kila mmoja awe na chakula, maji na pa kujificha.

Dawa ya pili ni kuhasi madume. Kazi hii ni ya daktari aliyezoea sungura. Usithubutu kujaribu kwa wembe nyumbani. Tena usimnyime chakula kabla ya upasuaji, kwani sungura hatapiki na tumbo lake halipaswi kukaa tupu.

Wazazi wengi hukosea hapa: wakitoka kwa daktari, huwarudisha wote pamoja jioni hiyo hiyo. Hasira haziishi siku moja. Wape wiki 4 hadi 6, na kwa muda huo dume bado anaweza kumpa jike mimba. Baadaye wakutanishe mahali ambapo si pa yeyote kati yao, kwa dakika chache, nawe ukiwa karibu. Wakikataa kabisa kupatana, waache kila mmoja kwake. Kutengana si adhabu.

Basi leo jioni, keti na watoto mhesabu umri wa sungura wenu. Waandike kwenye kalenda siku watakayotimiza miezi 3. Siku hiyo kizimba cha pili kiwe tayari.