Jembe, Rula na Daftari

Bustani ya shule ni kipande kidogo cha ardhi ambapo wanafunzi wa shule ya msingi hupanda mboga ili wajifunze, si ili wajaze ghala. Tanzania inalijua wazo hili tangu zamani. Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iwe pia shamba na wanafunzi washiriki kupanga na kuamua, si kulima tu. Kenya nayo ilikuwa na vilabu vya 4K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, ambavyo vilifufuliwa mwaka 2021.

Ule upande wa kupanga na kuamua ndio uliosahaulika mapema. Katika shule nyingi shamba likageuka kibarua, au adhabu ya waliochelewa mstarini. Mtoto anayepewa jembe badala ya kiboko hujifunza jambo moja tu: kuchukia kilimo.

Kwa kufundishia, tuta moja lafaa kuliko ekari nzima. Upana wake usizidi mita 1, ili mtoto afikie katikati bila kukanyaga udongo uliolainishwa. Darasa la nne hupewa kamba ya mita 3 na rula, wachimbe mashimo ya spinachi kila baada ya sentimita 30, kuanzia ncha moja ya kamba hadi nyingine. Wengi hugawanya 300 kwa 30, wakapata 10, wakaenda kuchukua miche 10 kitaluni. Wakimaliza kupanda, shimo moja liko tupu: nafasi ni 10, lakini mashimo ni 11. Ubaoni kosa hilo hufutwa kwa dasta na kusahaulika. Hapa shimo linawakodolea macho.

Sayansi nayo iko hapohapo. Nusu ya tuta hufunikwa matandazo ya nyasi kavu, nusu huachwa wazi. Saa sita mchana kila mtoto huchomeka kidole pande zote mbili na kuandika daftarini upande upi una unyevu. Samadi mbichi huunguza miche, kwa hiyo hutumika iliyooza. Viuatilifu si kazi ya watoto, na mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kula.

Shule ya mjini isiyo na ardhi hutumia magunia, au ndoo kuukuu za rangi zilizotobolewa chini.

Kinachoua bustani nyingi ni likizo, maana hakuna wa kumwagilia. Dawa yake ni kuchagua zao linalowahi. Kabichi huhitaji takriban miezi mitatu. Mchicha uliosiwa wiki ya kwanza ya muhula huchumwa ndani ya mwezi mmoja, watoto wakiwa bado shuleni.